Etajeri tupu kwenye magazini kubwa, na mayai yetu yanayongojewa



Tangu majuma mengi sasa, yale mnayotuambia baada ya mkutano yanafanana sana. Mama mmoja alizunguka magazini kubwa tatu za mji akitafuta maziwa ya unga ya mtoto, akarudi mikono mitupu, na kila alipouliza alijibiwa tu: "Mzigo bado haujafika." Mwingine aliona bei moja kwenye etajeri, kwenye kese akadaiwa nyingine. Wa tatu alipeleka plato za mayai mwezi wa pili. Sasa tunaingia mwezi wa tano na malipo hayajaonekana. Na binti wa mwenzetu wa Katuba anafanya kazi kwenye kese toka asubuhi mpaka usiku, bila kuwa na karatasi hata moja ya kazi yenye jina lake.

Ukiyaweka pamoja, mambo haya manne yana mzizi mmoja, na juma hili tunayaandika kwa kirefu kwa sababu kuna haraka. Magazini kubwa moja hapa Lubumbashi imeomba chama chetu kiiletee mayai na mboga kila juma. Jina lake hatulitaji, maana mazungumzo yanaendelea. Jumamosi tutapaswa kujibu ndiyo au hapana, na masharti waliyotupa yanasema fakture italipwa baada ya siku 60. Kabla ya kuinua mkono, kila mmoja wetu ajue magazini hizi zinaendaje kwa ndani.

Mlango mmoja wa mzigo

Tuanzie barabarani. Sehemu kubwa ya vitu vinavyojaza magazini zetu havikutengenezwa Katanga. Vinapanda kutoka Afrika ya Kusini kwa lori, vinapita Zimbabwe au Botswana, vinavuka Zambezi, vinakata Zambia yote mpaka Kasumbalesa, kilometa kama 90 kutoka hapa mjini. Vingine vinashuka melini Dar es Salaam, vinaingia Zambia kwa njia ya Tunduma na Nakonde, kisha vinafika kwenye mpaka ule ule. Hata samaki wa baridi tunaowaona wa kawaida sana mezani kwetu, wengi wao walivuliwa baharini Namibia, wakapitia bandari ya Walvis Bay. Njia ni nyingi lakini mlango wa mwisho ni mmoja. Malori yakilala kwenye foleni Kasumbalesa, biskuti zinaweza kungoja, yogati haiwezi.

Mwaka 2024 ulituonyesha mambo haya mara mbili. Mwezi wa pili, ukame uliharibu mahindi ya Zambia mpaka Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa, na kila mama anayesonga bukari anakumbuka unga ulivyopanda bei baadaye. Mwezi wa nane, baada ya ugomvi juu ya vinywaji vya Zambia ambavyo Congo ilikuwa imekataza kuingia, Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilikuwa siku chache tu. Siku chache zinatosha kumaliza bidhaa zinazotegemea lori la kila juma.

Hatusemi kwamba mwenye magazini ndiye aliyefunga mpaka au aliyezuia mvua. Tunasema anajua, mwaka hadi mwaka, kwamba mlango ni mmoja, na bado anaagiza vitunguu, nyanya, kuku na mayai toka ng'ambo yake, wakati Kalubwe, Kashamata na Luano kuna wamama wanaomwagilia mboga kila asubuhi karibu kabisa na etajeri zake. Kitunguu kilichosafiri siku nne kinapewa kikapu kizuri na karatasi ya bei iliyoandikwa vizuri. Cha kwetu kinaitwa "cha sokoni", kana kwamba soko ni ugonjwa.

Wenye magazini wana jibu lao, na tulisikilize kwa haki. Wanasema mkulima wa hapa analeta magunia kumi juma hili, juma linalofuata mawili, juma la tatu simu yake imezimwa. Wanasema mayai yanafika yakiwa makubwa na madogo pamoja, mengine yamepasuka. Wanasema hawawezi kumlipa mtu asiye na fakture. Katika hayo kuna ukweli ambao tunaujua sisi wenyewe, na tutaurudia hapa chini.

Stoki iliyo kwenye mashine, stoki iliyo kwenye etajeri

Mara nyingine hata hivyo mzigo umeshafika, na etajeri ni tupu vilevile. Wanachama waliofanya kazi ndani wametueleza namna inavyotokea.

Magazini kubwa haiagizi kwa macho kama mama wa butike anavyoangalia ubao wake na kuona sabuni imebaki tatu. Inaagiza kwa hesabu ya mashine. Kila kitu kinachopita kwenye kese kinatolewa kwenye hesabu, na hesabu ikishuka mpaka kiasi fulani, agizo linaenda. Sasa, chupa mbili za mafuta zikivunjika deponi na mtu asiandike, mashine inaendelea kuamini zipo. Sita zikiibwa, zipo. Kumi zikipitisha tarehe na kutupwa usiku bila kuandikwa, zipo. Mwishoni mashine inasema kuna mafuta 18, etajeri haina hata moja, na agizo haliendi kwa sababu 18 zinatosha. Dawa yake ni moja na inajulikana: watu wahesabu kwa mkono, mara kwa mara, deponi na kwenye etajeri, kisha warekebishe mashine. Lakini kuhesabu kunahitaji watu, na watu ndio kitu cha kwanza kinachopunguzwa mapato yakishuka.

Kisa kingine ni kese isiyosoma. Msichana anapitisha sabuni ya aina moja yenye harufu tatu tofauti. Ili foleni iende haraka anapitisha moja mara tatu. Pesa ni sahihi, stoki imeharibika. Harufu moja itaagizwa kupita kiasi, mbili zitakosekana. Usimlaumu msichana huyo kabla ya kuangalia foleni iliyokuwa mbele yake na kese ngapi zilikuwa zimefungwa.

Na bei? Bei ya kwenye kese inabadilishwa ofisini kwa dakika moja. Karatasi ya kwenye etajeri inapaswa kubadilishwa na mtu anayetembea. Dolari ikipanda, mashine inapanda asubuhi hiyo hiyo, karatasi inabaki ya juma lililopita. Tena kuna magazini zinazoandika bei kwa dolari na kupokea faranga kwa kiwango chao wenyewe, ambacho si kile cha wabadilisha pesa wa nje. Uliza kiwango kabla ya kupanga foleni. Ukikuta tofauti kati ya etajeri na kese, piga picha ya karatasi kwa simu yako, omba kwa upole wakupe ya etajeri, na kama wanakataa rudisha kitu. Wengi wetu tunaona haya kurudisha kitu mbele ya watu. Haya hiyo inatugharimu. Na chenji ya faranga ilipwe faranga, si bombo mbili na kiberiti.

Jambo moja la hatari zaidi ni baridi. Umeme unakatika, jenereta linazimwa usiku ili kubana mafuta, nyama inayeyuka, asubuhi inaganda tena. Angalia pakiti: kuku aliyegandishwa mara mbili anakuwa na barafu nyingi ndani ya mfuko, mara nyingi yenye rangi ya damu, na pakiti zimeshikana au zimekaa vibaya kama zilizolaliwa. Samaki naye vilevile. Kitu cha namna hiyo usimpe mtoto, hata kama kimewekwa bei ya chini. Kwa maziwa ya mtoto, soma tarehe chini ya mkebe, si kwenye karatasi ya etajeri, na uangalie kama mkebe umevimba au umebonyea kwenye ukingo.

Binti zetu kwenye kese

Tunafika kwa wale wanaopokea matusi ya wateja wote. Wengi wao ni binti zetu. Wanachukuliwa kwa siku, wanaambiwa "utajaribiwa kwanza", na majaribio yanaendelea mwaka mzima. Jioni pesa ya kese ikipungua, wanakatwa, hata kama kosa lilitoka kwenye bei iliyobadilishwa ofisini. Akiwa na mimba, anaambiwa apumzike nyumbani "mpaka tutakapokuita", na simu hailii tena.

Code ya kazi ya Congo ni sheria namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ilirekebishwa mwaka 2016, na tunaomba kila mama mwenye binti kazini ayajue haya machache. Kazi isizidi saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za nyongeza, zinalipwa zaidi. Majaribio yana mwisho: mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine, hayapiti hapo. Mtu anayechukuliwa kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili na akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na kikomo. Mama aliyejifungua ana haki ya likizo ya majuma 14, nane kati yake baada ya kuzaa, na theluthi mbili za mshahara.

Siku hizo 22 ndizo tunazotaka mshike. Tajiri anayejua sheria anahesabu siku kwa uangalifu kuliko anavyohesabu stoki yake: siku ya 20 anamwambia binti apumzike, anamchukua mwingine, kisha anamrudisha baadaye kama mtu mpya. Kwa hiyo binti naye ahesabu. Awe na kakaye kadogo, aandike kila siku aliyofanya, saa ya kuingia na ya kutoka. Atunze ujumbe wa simu unaomwita kazini, beji, karatasi yoyote ya malipo. Asipopewa mkataba wa maandishi, vitu hivyo ndivyo vitakavyosema kwa niaba yake mbele ya Inspection ya kazi. Na aende na mwenzake, si peke yake.

Tunaweka jambo hili katika makala ya etajeri kwa sababu ndipo mahali pake. Mtu ambaye kesho hajui kama ataitwa hajifunzi depo iko namna gani, hasemi kwa shefu kwamba hesabu imekosea, hana sababu ya kuhesabu mafuta mara ya pili. Kila miezi miwili magazini inaanza upya na watu wapya, halafu inashangaa kwa nini haijui ilicho nacho.

Kuku hawangoji siku sitini

Sasa mayai. Mama mwenye kuku 200 wanaotaga vizuri anapata karibu plato tano kwa siku. Kwa siku 60 ni plato 300. Zote ziko mikononi mwa magazini, zimeuzwa na kuliwa, pesa imeingia kwenye kese yao, na yeye hajaona faranga. Wakati huo kuku 200 wanakula kilo kama 24 za chakula kwa siku. Gunia la kilo 50 linakwenda siku mbili. Mpaka fakture ya kwanza ilipwe, ameshanunua karibu magunia 29 kwa pesa ya mfukoni. Nani kati yetu ana pesa ya magunia 29 imelala? Ni kumkopesha tajiri pesa bila faida, na sisi tukope kwa likelemba ili tumkopeshe. Halafu chakula cha kuku ni mahindi kwanza. Mpaka ukifungwa au Zambia ikikosa mvua, gunia linapanda juma hilo hilo, wakati bei ya yai imefungwa kwenye mkataba kwa miezi sita.

Kuna sharti la pili, limeandikwa kwa herufi ndogo: kisichouzwa kinarudishwa kwa mletaji. Maana yake mayai yakikaa kwa sababu mtu hakuyatoa deponi, au lengalenga zikinyauka kwa sababu umeme ulikatika, hasara ni ya kwetu. Makosa yote ya stoki tuliyoyaeleza hapo juu yatashukia kwenye kikapu cha mama.

Na siku sitini zinaweza kuwa siku zisizofika. Kule Kenya kulikuwa na Nakumatt, iliyoanza Nakuru kwa kuuza magodoro ikakua mpaka kuwa na matawi zaidi ya sitini, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 etajeri zake zilianza kubaki tupu. Barabara ilikuwa wazi na vita havikuwapo. Waletaji walikuwa wamechoka kuleta bila kulipwa. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe. Wakulima na viwanda vidogo walibaki na fakture mkononi. Basi unapoona magazini kubwa ina nafasi tupu nyingi na vitu vya aina moja vimepangwa safu nzima ili kuficha, jiulize kama shida ni Kasumbalesa kweli, au ni madeni.

Mawazo yetu kabla ya Jumamosi

Wamama wazee wa chama wamesema wazi: tubaki soko la Kenya na soko la Mzee, pesa mkononi jioni hiyo hiyo, na mboga iliyobaki mtu anaipika nyumbani. Maneno yao yana uzito, maana wamelea watoto kwa namna hiyo. Vijana wanajibu kwamba sokoni bei inaanguka kila wakati wote tunapovuna pamoja, na kwamba mnunuzi wa kila juma ni kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho. Sisi wa kamati tunaona tusikatae, lakini tusikubali karatasi ile kama ilivyo.

Tuombe malipo kila siku 15 na bei ya mayai iangaliwe kila mwezi kufuatana na gunia la chakula cha kuku. Mali ihesabiwe na watu wawili, wa kwao na wa kwetu, ikipokelewa mlangoni, na ikiisha kusainiwa ni yao: ikiharibikia deponi haturudishiwi. Tuanze kidogo, kwa miezi mitatu, na sehemu tu ya mayai. Mengine yabaki sokoni ili nyumba zisilale njaa fakture ikichelewa. Wakikataa malipo ya siku 15, kamati haitasaini, na tunawaomba msituombe tusaini.

Upande wetu nasi tuna kazi. Fakture inadai tuwe na karatasi. Sheria ya OHADA, ambayo Congo iko ndani yake tangu Septemba 2012, inaruhusu kuunda kooperative ndogo ya watu watano tu, na mfanyabiashara mdogo anaweza kujitangaza kama "entreprenant" bila kuingia katika taratibu ndefu za kampuni. Tunapendelea kooperative, kwa sababu mama mmoja akiugua wengine wanajaza plato zake, na magazini haitapata tena sababu ya kusema simu ilikuwa imezimwa. Mayai itabidi yachaguliwe kwa ukubwa na kufutwa, yaliyopasuka yabaki nyumbani. Atakayechanganya ataharibu jina la wote.

Neno moja kwa wale walioambiwa walete saini ya bwana kabla ya kutia yao: tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Code ya familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba. Kuzungumza nyumbani ni vizuri, na tunawashauri mzungumze. 

Jumamosi tuanze saa nane kamili. Kila anayefuga alete hesabu yake iliyoandikwa: kuku wangapi, plato ngapi kwa juma anazoweza kuahidi hata juma baya, si juma zuri tu. Wa mboga walete kilo, si vifungu. Mama mwenye mayai ya mwezi wa pili ambayo hayajalipwa alete bon yake ya kupeleka mali, tutaandika barua ya kudai siku hiyo hiyo, na wawili wa kamati wataipeleka pamoja naye. Mabinti wa kese wanakaribishwa; wakija na kakaye, tutakaa nao kando kuhesabu siku zao.